Ushindi wa Januari Unasema Nini? Kuzielewa Mechi za Maandalizi katika Mchezo wa Halingi

Mwanzoni mwa kila mwaka, watu wanaofuatilia matokeo ya michezo kwenye simu hukutana na majina ya timu za Ireland wasiyoyazoea, kama Kilkenny, Wexford, Limerick na Tipperary, pamoja na matokeo yaliyoandikwa kwa namna ya kushangaza, kwa mfano 0-22 kwa 1-18. Wapo wanaodhani kwamba programu ya simu imekosea. Wapo pia walioiweka timu fulani kwenye mkeka kwa sababu tu ilichukua kombe mwezi Januari, na mkeka ukachanika mwezi Juni. Waswahili wanaoishi Ireland kwenyewe huwasikia wenzao kazini siku ya Jumatatu wakibishana vikali juu ya mechi ambayo, dakika hiyohiyo, wanaapa kwamba haikuwa na maana yoyote. Makala hii inalenga kueleza mechi ya kombe la maandalizi ya msimu ni mechi ya aina gani, na kiwango ambacho timu ya kaunti inakionyesha siku hiyo kinatuambia nini na hakituambii nini.

Tuanze na mchezo wenyewe. Halingi ni mchezo wa kale wa Ireland unaochezwa kwa magongo na mpira mdogo. Kwa kuwa kwetu hoki huitwa mpira wa magongo, ni rahisi kudhani kwamba halingi ni jina jingine la hoki, lakini michezo hii miwili haifanani sana. Katika hoki mpira huwa chini kwa muda mwingi, ilhali katika halingi huruka angani, hudakwa kwa mkono na hupigwa ukiwa hewani, mara nyingi kutoka upande mmoja wa uwanja hadi karibu na upande wa pili kwa pigo moja. Gongo lenyewe, ambalo Waayalandi huliita camán, kwa kawaida huchongwa kutokana na mti uitwao ash, ambao ni mgumu lakini hunepa, na ncha yake ya chini ni pana na bapa kama mwiko wa kusongea ugali. Mpira una kiini cha koki kilichofunikwa kwa ngozi, uzito wake ni kati ya gramu 110 na 120, na hutosha vizuri kwenye kiganja cha mtu mzima. Mchezaji haruhusiwi kuuokota kutoka chini kwa mkono. Lazima kwanza auinue kwa gongo, ndipo audake, na akishaushika hawezi kwenda nao mkononi kwa zaidi ya hatua 4. Akitaka kwenda mbali zaidi, huuweka juu ya bapa la gongo na kukimbia nao hivyo, kama mtu aliyebeba yai kwenye kijiko, huku mabeki wakimkimbilia kutoka kila upande. Kila timu ina wachezaji 15, mechi za kaunti za daraja la juu huchukua dakika 70, na tangu mwaka 2010 kila mchezaji analazimika kuvaa kofia ngumu. Mwaka 2018 UNESCO iliuingiza mchezo huu katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Sasa tuje kwenye hesabu inayowachanganya wengi. Goli la halingi lina umbo la herufi H. Mpira ukipita chini ya mwamba na kuingia wavuni, hilo ni goli, na goli moja ni sawa na pointi 3. Ukipita juu ya mwamba katikati ya nguzo mbili, hiyo ni pointi 1. Matokeo huandikwa kwa kutanguliza magoli, kisha kistari, kisha pointi. Ni kama hesabu ya pishi na vibaba, isipokuwa hapa pishi moja ina vibaba vitatu badala ya vinne: ukitaka kujua nani ana nafaka nyingi, vunja pishi zote ziwe vibaba, kisha ujumlishe. Kwa hiyo 1-18 ni pointi 21, na 0-22 ni pointi 22. Timu ambayo haikufunga goli hata moja ndiyo iliyoshinda. Matokeo hayo ni ya mechi ya kweli, na tutaifikia.

Jambo la tatu la kulielewa mapema ni neno kaunti. Msomaji wa Kenya hana tatizo nalo. Wa Tanzania anaweza kuifikiria kama mkoa. Chama kinachosimamia halingi, GAA, kilianzishwa mwaka 1884 katika mji wa Thurles, na tangu hapo msingi wake umekuwa klabu za vijijini na mitaani, ambako kila mchezaji huanzia. Walio bora katika klabu za kaunti moja huteuliwa kuunda timu ya kaunti hiyo. Hawalipwi mshahara kwa kucheza. Ni walimu, wakulima, mafundi, wahasibu na wanafunzi, ambao hufanya mazoezi jioni baada ya kazi na siku ya pili hurudi kazini kama watu wengine. Tena hakuna dirisha la usajili: meneja wa Wexford akikosa beki mzuri hawezi kwenda kumnunua Cork, bali inambidi amtafute miongoni mwa vijana wa Wexford. Ukilishika hilo, nusu ya maana ya mechi za Januari umekwisha kuipata, kwa sababu kwa meneja wa halingi mechi hizo ndizo soko lake la wachezaji.

Msimu wenyewe una ngazi tatu. Ya chini kabisa ni makombe ya maandalizi, yanayochezwa Januari kwa kufuata majimbo. Katika jimbo la Leinster kombe hilo huitwa Kombe la Walsh, na katika jimbo la Munster kuna ligi fupi ya aina hiyohiyo. Ngazi ya pili ni Ligi ya Taifa, inayoanza mara tu makombe hayo yanapomalizika na kwisha mwezi wa Aprili. Ya tatu ndiyo yenyewe, yaani ubingwa, ambao huanza kwa mechi za majimbo na kuishia kwa fainali ya Ireland nzima katika uwanja wa Croke Park mjini Dublin, wenye nafasi ya watazamaji zaidi ya 82,000, ambapo mshindi hukabidhiwa Kombe la Liam MacCarthy. Mtu aliyewahi kushonewa nguo ya harusi anaweza kuzielewa ngazi hizi kwa urahisi. Mechi ya Januari ni ile siku ya kwanza ya kujipima kwa fundi, nguo ikiwa imeshikizwa kwa pini, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine na vifungo bado havijatiwa. Anayepita dukani akamwona bwana harusi katika hali hiyo anaweza kucheka, lakini fundi hamtazami huyo anayecheka. Anatazama mahali nguo inapobana.

Ni nani basi huvaa jezi ya kaunti mwezi Januari? Mara nyingi si wale watakaoivaa Julai. Wanafunzi wa vyuo vikuu wakati huo huwa wanajiandaa na Kombe la Fitzgibbon, ambalo ndilo kombe la vyuo, na vyuo navyo huwadai. Wakongwe waliocheza hadi mwisho wa msimu uliopita hupumzishwa. Wengine hubaki na klabu zao, kwa kuwa klabu bingwa za majimbo huendelea kuwania ubingwa wa klabu wa Ireland nzima. Mfano mzuri ni Limerick ya mwaka 2018. Klabu ya Na Piarsaigh kutoka kaunti hiyo ilifika fainali ya klabu mwezi Machi, ikatoka sare na Cuala ya Dublin, kisha ikashindwa katika mechi ya marudiano. Maana yake ni kwamba wachezaji wake walikuwa wamefungwa na kazi ya klabu wakati kaunti inaanza msimu. Mmoja wao, Shane Dowling, aliingia akitokea benchi katika fainali ya Ireland nzima Agosti 19, 2018 na kufunga goli. Limerick walishinda 3-16 kwa 2-18 dhidi ya Galway, yaani pointi 25 kwa 24, na wakatwaa ubingwa wao wa kwanza tangu mwaka 1973. Aliyekipima kikosi cha Limerick mwezi Januari alikuwa anapima kitu ambacho bado hakijakamilika.

Kisha kuna hali ya hewa, ambayo mtu aliyezoea jua la kwetu anaweza kuidharau. Januari nchini Ireland viwanja huwa vimelowa, upepo ni mkali na giza huingia mapema. Mpira wa ngozi ukinyonya maji huwa mzito na haufiki mbali kama siku za kiangazi. Ukianguka hauruki, bali hutulia kwenye tope, na wachezaji sita au saba hujazana juu yake wakichokoa kwa magongo kama watu wanaotafuta pete iliyopotea majanini. Stadi mwenye mikono myepesi hapati nafasi ya kuonyesha wepesi wake. Kwa hiyo timu yenye vijana wenye nguvu inaweza kung'ara Januari kwa sababu ambazo mwezi Juni, uwanja ukiwa mkavu na mpira ukiruka, hazitakuwapo tena.

Tuingie sasa katika kisa kimoja, kwa sababu bila kisa maelezo haya yatabaki hewani. Januari 2018, fainali ya Kombe la Walsh iliwakutanisha majirani wawili wasioelewana uwanjani, Kilkenny na Wexford. Kilkenny ndiyo kaunti yenye mataji mengi zaidi ya Ireland nzima, 36 kwa idadi, na ilikuwa chini ya Brian Cody, meneja aliyeiletea 11 kati ya hayo. Wexford ilikuwa chini ya Davy Fitzgerald, aliyewahi kuipa Clare ubingwa mwaka 2013, na alikuwa akiwafundisha Wexford mfumo wa kumweka mchezaji mmoja wa ziada kwenye ulinzi ili kuziba mianya. Mechi iliisha kwa sare, dakika za nyongeza nazo zikaisha kwa sare, ikabidi mshindi apatikane kwa mikwaju, jambo lililokuwa geni kabisa katika halingi. Mkwaju wa halingi haufanani na penalti ya soka. Mpira huwekwa kwenye mstari wa mita 65, mpigaji huinama, huuinua kidogo kwa bapa la gongo, na kabla haujagusa chini huupiga ukiwa hewani ili upite juu ya mwamba. Katika baridi, miguu ikiwa imechoka kwa dakika za nyongeza, umbali huo ni mrefu sana. Wexford walishinda, wakabeba kombe.

Mashabiki wa Wexford walikuwa na haki ya kufurahi, hasa kwa kuwa timu yao ilikuwa imewafunga Kilkenny katika ubingwa wa Leinster pia, mwezi Juni 2017. Wengi wakahitimisha kwamba mizani imegeuka na kwamba Kilkenny ya Cody imezeeka. Kilichofuata ni hiki. Mwezi Machi timu hizo zilikutana tena katika nusu fainali ya Ligi ya Taifa, Kilkenny wakashinda. Mwezi Aprili Kilkenny wakaichukua ligi hiyo kwa kuwafunga Tipperary 2-23 kwa 2-17. Na Juni 9 wakakutana mara nyingine katika ubingwa, Nowlan Park, uwanja wa Kilkenny. Wexford waliongoza kwa pointi 9, wakapunguziwa moja baada ya nyingine, na mwisho ubao ukasoma 0-22 kwa 1-18, Kilkenny wakashinda. Hayo ndiyo yale matokeo tuliyoanza nayo, pointi 22 kwa 21. Wexford waliendelea kwa njia ya mzunguko hadi robo fainali, wakatolewa na Clare.

Je, ule ushindi wa Januari ulikuwa uongo? Hapana, na hapa ndipo mjadala wa mitaani unapopotoka kwa upande wa pili. Msemo kwamba mechi za maandalizi hazina maana ni kosa lilelile la wanaozipa maana kubwa mno, kwa sababu pande zote mbili zinatazama ubao wa matokeo peke yake. Ukiutazama uchezaji, Wexford walikuwa wakijenga jambo: mfumo wa mlinzi wa ziada ulikuwa umeanza kuwaingia damuni, na waliweza kusimama na Kilkenny kwa dakika 70 na zaidi bila kuvunjika. Jambo hilo lilizaa matunda, ila si mwaka huo. Juni 30, 2019 Wexford waliwafunga Kilkenny hao hao 1-23 kwa 0-23 katika fainali ya Leinster, taji lao la kwanza la jimbo tangu mwaka 2004. Na Kombe la Walsh la mwaka huo wa 2019 lilikuwa limekwenda kwa nani? Kwa Galway, ambao Juni 15 walifungwa na Dublin, wakamaliza wa nne kwa tofauti ya pointi na kutolewa katika ubingwa kabla Julai haijafika, ilhali mwaka uliotangulia walikuwa wamecheza fainali ya Ireland nzima.

Mtu anayetaka kuisoma vizuri mechi ya Januari atafanya vyema kuanza na kipa. Kila baada ya pointi au mpira kutoka nje, kipa huuanzisha upya kwa kuupiga kutoka langoni mwake, na katika mechi moja hufanya hivyo mara nyingi sana. Kama kaunti ina mpango mpya, utauona hapo kwanza: anaupeleka mbali na kuuacha ugombaniwe, au anamtafuta beki wa pembeni aliyejitenga? Wenzake wanajua mapema unakoelekea, au wanageuza vichwa baada ya mpira kwisha kuondoka? Timu inaweza kufungwa kwa pointi 10 huku kipa wake na mabeki wake wakiwa wanajifunza lugha mpya, na makosa ya siku hiyo ndiyo karo ya somo hilo.

Halafu zitazame pointi zimepatikanaje. Ripoti za halingi huorodhesha kila mfungaji na kueleza ni ngapi kati ya pointi zake zilitokana na mipira ya adhabu. Kaunti iliyofunga pointi 20, na 13 kati ya hizo zikawa za mpigaji mmoja wa mipira ya adhabu, haijatuonyesha safu ya ushambuliaji. Imetuonyesha mtu mmoja mwenye mkono mzuri na wapinzani wanaocheza rafu. Kinyume chake, mpigaji hodari kama TJ Reid wa Kilkenny asipokuwapo, kijana anayejaribiwa mahali pake akakosa mipira minne mitano, matokeo yatasema kuwa Kilkenny ni dhaifu, ilhali ukweli ni kwamba walitengeneza nafasi za kutosha kushinda. Mimi binafsi huhesabu nafasi zilizotengenezwa kuliko zilizoingia, angalau hadi Februari iishe.

Kuhusu dakika 15 za mwisho, nashauri zisipewe uzito mkubwa. Timu nyingi huwa zimechoka katika dakika hizo, kwa sababu kanuni za GAA huzuia timu za kaunti kufanya mazoezi ya pamoja kwa kipindi fulani cha mwisho wa mwaka, na meneja huingiza wachezaji wa akiba kwa wingi ili kila mmoja aonekane. Kikosi kinachomaliza mechi mara nyingi hakifanani hata kidogo na kilichoianza.

Imani nyingine iliyoenea ni kwamba kaunti haiwezi kufanikiwa bila mechi hizi. Mwaka 2025 uliijaribu imani hiyo, kwa kuwa GAA iliyafuta makombe ya maandalizi ya msimu huo. Sababu zilizotolewa zilikuwa za kueleweka: kalenda imebanwa tangu fainali zilipohamishiwa Julai ili klabu zipate nusu ya pili ya mwaka, na vijana wa vyuo walikuwa wakivutwa na timu tatu kwa wakati mmoja. Tipperary, ambao mwaka 2024 walimaliza mkiani mwa jimbo la Munster bila ushindi hata mmoja, ndio waliochukua ubingwa wa 2025. Njiani walikuwa wamefungwa na Cork katika fainali ya ligi, 3-24 kwa 0-23, na wakafungwa nao tena kwa tofauti ya pointi 15 katika mechi za jimbo. Katika fainali ya Julai, Cork haohao walikwenda mapumziko wakiongoza kwa pointi 6. Kipindi cha pili Tipperary walifunga 3-14 na Cork 0-2. Kwa hesabu yetu ya pishi na vibaba, ni 23 kwa 2.

Hata hivyo, mameneja wengi waliyakosa makombe hayo, wakajaza pengo kwa mechi za kirafiki ambazo mashabiki hawakuzipata kwa urahisi. Hilo linaeleza kwa nini viwanja vidogo vya Januari hupata watu wake. Mlangoni wanauza kijitabu chenye majina ya vikosi, na kijitabu hicho mara nyingi hukosea, kwa sababu meneja hubadilisha watu hadi dakika ya mwisho. Kabla ya mchezo kuanza, mtangazaji husoma mabadiliko kwenye kipaza sauti huku upepo ukiyapeleka maneno yake kusikojulikana, na jukwaani wazee waliovaa makoti ya mvua huinamisha vichwa, wakatoa kalamu, wakakata jina la namba 6 na kuandika juu yake jina la kijana ambaye hawajawahi kumwona akicheza.